Bima ya Mbwa Aitwaye Gavana

Mmeniomba, ninyi mnaobaki pale mapokezi, niwaachie maandishi kuhusu kazi yetu kabla sijasahau. Kusahau kwenyewe kumeshaanza, kwa hiyo nitaandika upesi. Sitawaeleza nilipandaje cheo wala nililipwa kiasi gani; la kwanza halikutokea sana, na la pili mnalijua, maana mnalipwa hapo hapo. Nitawaeleza swali moja ambalo nimeulizwa kwenye ile kaunta mara nyingi kuliko la choo kiko wapi: bima ya mnyama inalipa, au ni kutupa hela?

Kwanza mjue nilikotoka. Nyumbani Singida nilikuwa bwana mifugo. Nilikuwa na pikipiki ya serikali, sanduku la chanjo lenye barafu, na buti zilizokuwa zikinifika magotini. Kazi yangu ilikuwa ng'ombe na mbuzi, na punda mara moja moja. Mbwa nilikuwa nawaona siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, wakiburutwa kwa kamba ya katani, wameshanichukia tangu mbali. Hakuna aliyewahi kuniletea mbwa akanitajia jina lake. Walisema tu, "Huyu ni wa kwa mzee wa pale kisimani."

Nilipofika huku Marekani cheti changu hakikutambuliwa, nikapata kazi kwenye kliniki yetu ya Hyattsville: kuosha vizimba na kushika wanyama wakati daktari anawapima. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mbwa mdogo kama kuku wa kisasa, amevaa sweta na viatu vinne. Nikamwuliza mwenye mbwa kama naweza kumvua viatu nimpime uzito. Yule mama akaniambia nimwombe mbwa kwanza, kwa kuwa hapendi kushtukizwa. Nilitazama kushoto na kulia. Nikamwomba, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza niliona aibu. Mbwa akanyoosha mguu. Jioni nilimsimulia mke wangu, Mama Neema, akaniuliza kama huko kazini wananipa chakula cha mchana.

Aliyenifundisha kazi ya mikono ni Daktari Carol, mwenye kliniki. Wengi wenu mmemkuta akiwa amepunguza siku, lakini enzi hizo alikuwa anafungua mlango yeye na kuufunga yeye. Mwanamke mrefu, maneno machache, mgongo umeharibika kwa miaka ya kuinua mbwa wanaokula kuliko yeye. Alinifundisha taulo. Paka mkali hakamatwi kwa nguvu. Unamtupia taulo, unamkunja upesi kama sambusa, unabakiza kichwa tu nje. Alinifundisha pia kwamba kipimajoto kinapakwa mafuta kwanza. Ng'ombe wa Singida hawakuwahi kupewa heshima hiyo, nami nawaomba radhi hapa.

Magoti yalipoanza kulalamika, nikahamishiwa mapokezi chini ya Mama Odette. Huyu alitoka Bukavu, Kongo, na alikuwa na miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kukutazamia ukikosea. Kiswahili chake na changu vilikutana kama ndugu waliolelewa nyumba mbalimbali. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya kompyuta, akafungua faili la paka fulani, akanionyesha nafasi ya kuandika maelezo.

"Papa Ntandu," akasema, "apa tunaandikaka ile macho iliona. Ile kichwa inawaza, unaiachaka mu kichwa."

Nikasema nimeelewa.

"Na mambo ya asiransi, banakuuliza kila siku. Weye hujibu. Unatoa karatasi." Akanipa rundo la vipeperushi vya bima. "Docta hajibu, miye sijibu. Karatasi inajibu."

Kanuni mbili tu. Nilizivunja zote mbili kwa mteja mmoja, na ndiye nataka kuwaeleza habari zake.

Njeri alikuja asubuhi moja na binti yake Wambui, wakati huo ana miaka kama kumi, na mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja juu, jingine chini. Njeri ni Mkenya wa Nyeri, muuguzi, anakaa Lanham. Mbwa walikuwa wamemchukua kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa. Nikaanza kujaza fomu.

"Jina la mbwa?"

"Gavana," akasema Njeri.

"Kwa nini Gavana?"

"Anakula kila kitu na hakuna mtu anamuuliza."

Nilicheka, nikamwandika. Kila nilichouliza kwa Kiswahili Wambui alikielewa na kukijibu kwa Kiingereza, na mbwa alikuwa ameshakula kona ya kipeperushi cha minyoo. Walipomaliza chanjo, Njeri akarudi kaunta, akainama karibu kama mtu anayeuliza bei ya kitu cha magendo.

"Mzee, hebu niambie ukweli wa Mungu. Hii insurance ya mbwa inasaidia, ama ni watu wanataka kunikula tu?"

Vipeperushi vilikuwa pale mkononi. Lakini mtu ananiita Mzee, ananiuliza kwa lugha yangu, na mimi ni bwana mifugo mzima. Nikaweka kalamu chini.

"Dada Njeri," nikasema, "huyu mbwa ni mchanganyiko. Hawa ni kama wale wa nyumbani. Wananyeshewa, wanakula mifupa, wanaishi. Bima ni ya wale wenye pua fupi wanaokoroma mchana. Hela yako iweke benki."

Alinishukuru sana. Alipotoka, Mama Odette akauliza bila kuinua kichwa, "Iyo maneno uliiona ku macho, Papa, ao uliiwaza?"

Haikupita hata miezi mitano. Ilikuwa kiangazi, Wakenya wa Lanham walikuwa na nyama choma nyuma ya nyumba ya mtu, na kwenye jiko kulikuwa na mahindi. Gavana alipita chini ya meza akakuta gunzi, akalimeza zima. Mkikumbuka neno moja tu la kitaalamu katika maandishi haya, likumbukeni hili: gunzi la mahindi haliyeyuki tumboni mwa mbwa. Halisagiki, na mara nyingi halipiti. Linakwenda kukaa kwenye utumbo kama kizibo kwenye chupa, na mbwa anaanza kutapika hata maji.

Jumanne asubuhi Njeri aliingia akiwa bado na sare ya kazi, ametoka zamu, Gavana amebebwa kwenye blanketi. Daktari Carol alipiga eksirei, akatuonyesha. Gunzi lilionekana wazi, na safu zake za mahindi zilizoliwa vizuri. Akaeleza mambo mawili: apasuliwe leo, au achomwe sindano ya kumpumzisha milele leo. Kesho haikuwamo. Kisha akatoka, kama alivyozoea, ili bei isemwe na mapokezi.

Bei niliisema mimi. Ilikuwa bei ya gari lililotumika ambalo bado linawaka.

Wambui alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani, hasemi kitu kwa lugha yoyote. Njeri aliitazama karatasi ya bei kwa muda.

"Mzee, hii ni pesa ya tiketi," akasema. "Disemba nilikuwa niende nimuone mama. Miaka sita sijamuona."

Akaikunja ile karatasi mara mbili.

"Na ningekuwa na ile insurance?"

Ningeweza kusema inategemea, na kweli inategemea. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Ungelipa kwanza, halafu wangekurudishia sehemu kubwa," nikasema. "Nilikushauri vibaya."

"Sawa. Asante kwa kuniambia."

Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Alitoka nje akakaa ndani ya gari lake kama dakika kumi. Tulimwona kupitia dirishani, mikono kwenye usukani, gari halijawashwa. Aliporudi alikuwa na kadi ya benki mkononi.

"Mpasueni," akasema. "Lakini mtu yeyote asinitajie mahindi."

Nilikwenda kwa Daktari Carol wakati ananawa mikono, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemwambia mteja asikate bima. Hakugeuka. Aliniuliza kama najua kushika beseni. Nikasema ninajua. Akasema basi nitashika beseni, na nitatazama mpaka mwisho. Nikavaa barakoa, nikashika beseni kwa saa nzima na zaidi, na gunzi lilipotoka lilianguka ndani yake kwa kishindo ambacho nakisikia mpaka leo. Lilikuwa zima. Ungeweza kuliwashia jiko. Wambui aliomba aende nalo nyumbani, mama yake akamtazama, naye hakurudia ombi.

Gavana alipona. Daktari alimruhusu Njeri alipe kwa awamu. Nilijaribu kumpa bahasha, siyo nene, lakini ilikuwa kitu. Aliirudisha kwenye mfuko wa shati langu mwenyewe, akaupigapiga.

"Mzee, pesa yako weka. Siku ingine ukiulizwa, nyamaza."

Miezi iliyofuata akija alikuwa anazungumza na Mama Odette tu. Mimi alinisalimia kama mtu anavyosalimia lango.

Sasa ngoja niwaeleze kosa la pili, ambalo lilitokea siku ile ile ya upasuaji na hakuna aliyelijua. Mama Odette alikuwa nyumbani na mafua. Faili la Gavana lilikuwa wazi, nafasi ya maelezo iko tupu, na mimi nimetoka kushika beseni, moyo mzito. Nikataka kujichangamsha. Nikaandika, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba mgonjwa huyu anajulikana kwa kula kila kitu, kama magavana wote. Nikajiona mwandishi. Nikabonyeza kuhifadhi.

Njeri alikata bima mwezi uliofuata. Hakuniuliza. Alichukua kipeperushi mkononi mwa Mama Odette, akakisoma chote hapo hapo amesimama, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hata walioyaandika sidhani waliyasoma. Yalisema kuna siku za kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi, na kuna kiasi cha kwanza ambacho ni juu yako kila mwaka, na ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla hajajiunga haulipwi. Akatia sahihi.

Miaka miwili ilipita kwa amani. Kisha Gavana akala soksi. Haikuwa soksi ya kawaida. Ilikuwa moja ya zile ndefu za kubana wanazovaa wauguzi wanaosimama kutwa, zinazofika chini ya goti, ngumu kuvaa na, kama tulivyogundua, ngumu zaidi kutoka. Safari hii Njeri hakwenda kukaa garini. Aliweka kadi kaunta kabla sijafungua mdomo.

"Kateni. Nina insurance," akasema, na nikaona anafurahia kidogo kulisema neno hilo mbele yangu.

Soksi ikatoka. Njeri akatuma madai pamoja na faili letu. Baada ya wiki kadhaa aliingia mchana, hana mbwa, ana barua. Akaiweka mbele yangu na kidole juu ya mstari.

"Mzee. Soma hapa."

Nikasoma. Kampuni ilisikitika kutolipa madai hayo. Kumbukumbu za kliniki zilionyesha kwamba tabia ya kumeza vitu ilikuwepo kabla ya bima. Aidha, wataalamu wa kliniki wenyewe walikuwa wameandika kwamba tabia hiyo ni ya kurithi kwa aina hiyo ya mbwa, yaani Magavana.

Niliisoma mara ya pili. Mama Odette akavaa miwani ya kusomea, akaisoma. Kisha akaivua, akavaa ile nyingine.

"Papa Ntandu. Ni weye uliandika?"

"Ni mimi."

"Mu dosie ya mgonjwa."

"Ndiyo, Mama."

"Banafikiri Gavana ni kabila ya mbwa."

"Inaonekana hivyo."

Njeri alikuwa amekunja mikono. Nilingoja. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni, akaushika kwa mkono, lakini haukushikika. "Wanasema ni ya kurithi," akasema, na akakaa kwenye kiti cha wateja akacheka mpaka paka aliyekuwa kwenye kikapu pembeni akaanza kunguruma. Daktari Carol akatoka kuuliza kuna nini. Njeri akamweleza kwa Kiingereza magavana ni akina nani na watu wa kwao huwa wanawatania nini: kwamba gavana anaweza kula barabara, akala na daraja, na bado akaja kufungua mradi wa maji. Daktari alicheka hadi mgongo ukamshika, tukamkalisha.

Lakini kicheko hakilipi soksi. Hela za upasuaji zilikuwa zimeshatoka kwa Njeri, na Disemba ilikuwa inakuja tena. Mama Odette alikata shauri: "Mwenye aliandika atafuta."

Nikapiga simu. Muziki wa kungojea ulichezwa mpaka nikaanza kuupenda. Mwishowe akapokea mama mmoja mpole, kwa sauti alikuwa mtu mzima, akajitambulisha kwa jina la Denise. Nikamwambia ninapiga kuhusu Gavana. Akafungua faili.

"Naam, yule wa aina ya Governor," akasema.

"Bibi, Governor si aina ya mbwa. Ni jina lake."

"Lakini hapa mmeandika 'kama magavana wote.' Hao wengine ni akina nani?"

"Ni watu."

Nikasikia anaandika.

"Ni watu wa aina gani, bwana?"

"Viongozi. Wa Kenya. Wanachaguliwa."

"Na wana tatizo la kula vitu visivyolika?"

"Inategemea utamwuliza nani."

Safari hii sikusikia kuandika. Kisha nikasikia pumzi zinakatikakatika, na nikaelewa kwamba mama wa watu ameziba simu kwa mkono. Aliporudi alikuwa mtaratibu kabisa. Alisema anaelewa, lakini kampuni haiwezi kufuata maelezo ya mdomo. Itabidi kliniki iandike barua ieleze mambo mawili: kwamba hakuna mbwa wa aina ya Governor, na kwamba soksi ni ajali mpya, si mwendelezo wa ugonjwa. "Na bwana," akaongeza, "kama ni mimi, ningefanya barua fupi."

Haikuwa fupi. Ya kwanza niliiandika mimi, kurasa tatu, nikaanza na Singida. Mama Odette akaifuta yote akabakiza tarehe. Ya pili aliandika yeye, mistari mitano, lakini Daktari akasema inasikika kama tunawashtaki. Ya tatu aliiandika Daktari mwenyewe, na sentensi yake ya kwanza nimeikariri: kwa ujuzi wangu wa miaka mingi katika tiba ya wanyama, magavana si mbwa. Kisha akaeleza kwamba gunzi lilishatolewa lote, mbwa alipona kabisa, vipimo vya kila mwaka vilionyesha utumbo mzima, na kwamba kumeza soksi ni ajali inayoweza kumpata mbwa yeyote mwenye mdomo na nafasi. Chini yake nikatakiwa niweke maelezo yangu na sahihi: kwamba yale maneno hayakuwa uchunguzi wa kitabibu bali utani, na kwamba ninayaondoa. Nimefanya kazi katika nchi mbili na sijawahi kuandika kitu kigumu kama hicho.

Wiki sita tulingoja jibu. Kila barua ikija Mama Odette aliipitisha mbele ya pua yangu kwanza. Njeri alikuwa ameanza kunisalimia, lakini kwa tahadhari, kama mtu anayegusa pasi kujua kama bado ina moto. Siku moja akapiga simu kliniki, akaomba azungumze na Mzee.

"Wamelipa," akasema.

Nikakaa chini.

"Wamekata kile kiasi changu cha kwanza, ingine yote wamerudisha. Na wamerekebisha faili. Wameandika aina yake ni mchanganyiko, sio Governor."

"Pole kwa usumbufu wote, Dada Njeri."

"Mzee, wewe umenigharimu tiketi moja na umenirudishia moja. Mimi naenda kwa mama yangu. Utakaa na mbwa wiki tatu."

Halikuwa ombi. Mama Neema alikuwa ameshasema tangu tunahamia Takoma Park kwamba mbwa hataingia nyumbani kwake, na kwa siku mbili Gavana alilala barazani kwenye blanketi, akiangalia mlango. Siku ya tatu kulikuwa na baridi. Wiki ya pili nilirudi kazini nikamkuta mke wangu jikoni anapika wali pembeni usio na chumvi. Nikauliza ni wa nani. Akasema hapendi maswali.

Njeri alirudi na picha nyingi za mama yake. Katika mojawapo bibi huyo ameshika picha ya Gavana, anaitazama kama mtu anayetafuta mahali walipokosea kumlea Njeri.

Baada ya hapo habari ya Gavana ni habari ya mbwa anayezeeka. Na bima yake nayo ilizeeka kwa namna yake: kila mwaka ikaongezwa bei, kwa sababu mbwa mzee ni hatari zaidi kwa kampuni, hata kama ameacha kula soksi. Kila mwaka Njeri alikuja na barua ya bei mpya akalalamika pale kaunta. "Hawa watu ni wezi, Mzee. Nitoke ama nibaki?" Nami nilikuwa nanyamaza, na kumpa kipeperushi, naye alikuwa anakipokea na kunipiga nacho kichwani. Hakutoka. Miaka minne ya mwisho hakudai hata senti moja. Gavana alikufa akiwa mzee, asubuhi, juu ya zulia lake, bila kumsumbua daktari yeyote.

Siku chache baadaye Njeri alinipigia akiwa kazini, kwenye maegesho ya hospitali.

"Mzee, nilikuwa nimelipa mwezi mzima. Leo wamenirudishia zile siku zimebaki. Siku kumi na moja." Nikasikia mlango wa gari unafungwa. "Miaka yote nawatukana, hata sikulia Gavana akifa. Sasa nimekaa kwa gari nalia juu ya siku kumi na moja."

Nikamwambia alie tu. Alisema Wambui, ambaye sasa yuko chuo, alitaka kukaa kwenye kompyuta ajumlishe yote waliyolipa na yote waliyolipwa, wajue kama ilikuwa faida au hasara.

"Na imekuwaje?"

"Nimemwambia afunge hiyo kompyuta."

Hiyo ndiyo sababu ninyi wenyewe mmenisikia miaka hii ya mwisho nikijibu vile ninavyojibu. Mteja akiuliza, natoa kipeperushi kama alivyonifundisha Mama Odette, Mungu ampe afya huko kwa wanawe, halafu namwuliza yeye: tukikwambia leo bei ya gari, utaitoa wapi? Mwingine anasema ana akiba, na ninaona usoni kwamba anayo. Huyo anaweza kujitegemea. Mwingine anatazama dirishani kuelekea gari lake. Huyo hahitaji nimalizie. Zaidi ya hapo sisemi, na kwenye faili naandika uzito, joto la mwili na tarehe.

Isipokuwa siku yangu ya mwisho. Mlikuwa nyuma mnapima paka, kwa hiyo hamkusikia. Aliingia kijana mmoja wa ubalozi, Mtanzania mwenzetu, suti nzuri, amebeba boksi. Akaniamkia vizuri, akaweka boksi kaunta. Ndani alikuwa na kobe mkubwa kama sinia. Alisema amepewa na afisa aliyekuwa anahamishwa, ambaye naye alipewa na mwingine kabla yake. Daktari alishamtazama, ana afya, umri wake ni kama miaka arobaini.

"Shikamoo tena, Mzee," akasema. "Nilitaka ushauri wako. Huyu nimkatie bima?"

Nilinyoosha mkono kwenye vipeperushi, ukasimama. Nilimtazama kobe. Kobe alinitazama, hana haraka na mtu.

"Mwanangu una miaka mingapi?"

"Thelathini na miwili."

"Daktari amekwambia hawa wanaishi muda gani?"

"Amesema anaweza kufika mia."

Nikarudisha kipeperushi mahali pake.

"Basi huyu atakuzika," nikasema. "Nenda kajikatie wewe ya maisha, na kwenye nafasi ya mrithi uandike jina lake."

Akasimama pale akifikiri. Halafu akatoa kalamu, akaniuliza mrithi anatakiwa awe na kitambulisho cha aina gani.